Sirene Siku ya Dot

Aibu ile sijaimaliza mpaka leo, lakini kwa kuwa mnanicheka pembeni, afadhali niwaeleze mwenyewe. Ilikuwa siku ya dot, familia yangu inapeleka mahari kwa kina Neema hapa Mudzipela, na mimi, fundi wa simu na redio, nikaona nisiwe mkwe hivi hivi tu, nikawafungia kadi ndogo ya elektroniki ya kupiga sirene tangi la maji likijaa, ili wazime pampu (baba mkwe alikuwa amechoka kuona maji yakimwagika uani).

Sasa, tundu nililopanga kuchomeka waya wa sirene lilikuwa limelegea. Nikauhamishia pini nyingine, ile ambayo kadi hupitishia ujumbe wake kwenda kwenye kompyuta. Nilijua si mahali pake, ila nikajiambia, kompyuta ya nini leo?

Wazee wamekaa, maneno ya mahari yameanza, boya la kupimia maji likakwama, tangi likafurika na sirene kimya! Nikakimbilia kompyuta yangu, nikaiunganisha na kadi, nikaiamuru initumie habari ya kila kinachotokea, na hapo sirene ikaanza kupiga kelele, maana kila ujumbe ulipita kwenye waya wake. Mimi kwa woga (waya nimeshausahau) nikadhani boya limeharibika kabisa, nikaomba ujumbe mwingi zaidi, nayo ikazidi kulia.

Na kelele ya namna ile, mtaani kwetu, ina maana moja tu. Majirani wakamiminika uani na filimbi na fimbo, wanawake wakigonga masufuria.

"Mwizi iko wapi?" mama mmoja akauliza.

"Hakuna mwizi, mama. Ni miye, mukwe," nikasema, na ndipo nilipoukumbuka waya, nikauchomoa.

"Huyu ndiye tunapatia mutoto?" shangazi wa Neema akasema. Neema alikuwa mlangoni, amejifunika kitenge usoni, mabega yanatikisika, nikajua nimemliza na nimemkosa.

Baba mkwe akawatazama wale watu wote.

"Mukae, mukule," akasema. "Kijana ameita kartie, mutaa muzima. Siku akimuacha mutoto yangu, mashahidi iko wengi."

Neema akashusha kitenge. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

Tumeshaoana. Pini ya mawasiliano siigusi tena, tundu likilegea nalilehemu kwanza, na baba mkwe akitaka kujua kama tangi limejaa, napanda ngazi mwenyewe nikachungulie.