Kula Pamoja na Mgonjwa

Tarehe nne Machi, mwaka juzi, nilimpoteza mume wangu, fundi cherehani wa hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia pamoja na maneno. Nitaeleza habari ya chakula tu. Mengine kila aliyeuguza anayajua.

Nilimlisha uji kwa kijiko. Alikunywa vijiko viwili, vitatu, akageuza uso. Muuguzi alisema huenda koo limelegea, na akizidi kukonda itabidi alishwe kwa mpira wa puani. Niliuogopa mpira ule. Nikajaribu uji wa mtama, wa soya, wa maziwa. Ikawa vilevile. Mimi nilikula nimesimama jikoni, yale mabaki ya kikombe chake, na siku nyingine nilisahau. Nilipomwinua, macho yangu yaliingia giza.

Adhuhuri moja jirani yetu, mama wa Bukavu anayevuka mpaka kuuza vitenge, alituletea bugali, ugali wa kwao, na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu.

"Maman, wewe unakulaka saa ngapi?"

"Nikimaliza kumlisha."

"Na yeye hamalizi. Umekonda kumupita. Kesho bantu batakuja na machela, batabeba wewe."

Mume wangu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Jirani aliweka sahani kitandani, akanikalisha. Nilinawa, nikala. Njaa ilikuwa kali hata sikumtazama mgonjwa. Kisha nikaona mkono wake wa kushoto umefika ukingoni mwa sahani, umesimama hapo. Hakuwahi kula kwa mkono huo maisha yake yote.

"Kula, Papa," jirani akasema. "Ule mwingine uko kwenye konje, unapumuzika."

Mume wangu akachukua tonge dogo, akameza. Akachukua lingine. Koo halikuwa na tatizo lolote. Tangu tuoane tulikula sahani moja, na mimi ndiye niliyemtenga kwa kumpa kikombe cha peke yake nikidhani namtunza.

Kuanzia hapo nilikula kila alipokula, kwa sababu nisipokula, naye hali chochote. Baadaye nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa. Nguvu zilirudi, nikaweza kumgeuza bila kuita mtu. Mpira haukuwekwa.

Asubuhi ya mwisho nilileta chai na viazi vitamu. Alifumba mdomo, akaisukuma sahani upande wangu. Nilikula kiazi kimoja, na cha pili. Kisha nikanawa, nikamgeuza. Alikata roho kabla ya adhuhuri, mkono wangu ukiwa chini ya shingo yake.