Visu Viwili vya Springi Moja

Kabati la vioo lililoko sebuleni kwetu Ipagala lilinunuliwa kwa ajili ya vyombo vyangu. Nalisema hilo mapema ili ijulikane nani mwenye haki. Nilipoolewa nililetewa glasi, sahani zenye maua na birika la mdomo mrefu, na vyote hivyo leo vimo kwenye boksi chini ya kitanda, vinangoja siku visu vitakapohama. Kabatini hakuna hata kikombe. Mume wangu ni mpima ardhi, kazi yake ni kuzunguka vijijini na kupima viwanja na mashamba, na kila anakofika huuliza kwanza kama kuna mfua chuma. Wenzake hurudi safari na asali au kuku. Yeye hurudi na kisu.

Sisemi ni visu vibaya. Kipo cha Manyoni chenye mpini wa pembe ya ng'ombe. Kipo cha Mpwapwa, mgongo umepinda kidogo, ukikishika unahisi kinataka kwenda chenyewe. Kila Jumapili tukitoka kanisani mume wangu huvua shati la heshima, hukaa na kitambaa na kikopo cha mafuta ya alizeti, huvipaka kimoja kimoja, huvirudisha mahali pake na kufunga kabati kwa ufunguo. Wakati huo mimi niko jikoni nakata nyama. Mimi ni mpishi wa shughuli, mtaa mzima unaniita kwenye harusi na misiba, kwa hiyo mtu akiniambia kisu kina mahali pengine pa kukaa zaidi ya mkononi, namtazama tu.

Ugomvi huu una chanzo chake, na tulikinunua wenyewe.

Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Tulikwenda mnadani Msalato kutafuta mbuzi, na pembeni kidogo ya moshi wa nyama choma tukamkuta mfua chuma mmoja, Mrangi wa Kondoa, ametandika gunia. Juu ya gunia palikuwa na visu viwili alivyofua kutoka springi moja ya lori. Vilifanana kama mapacha. Mipini ilikuwa ya mpingo, na makali yake alituonyesha kwa kujinyoa malaika ya mkono wake mwenyewe, taratibu, huku akitutazama sisi badala ya kisu. Mume wangu alitaka kimoja. Mimi nilitaka kimoja. Mbuzi tukamsahau.

Yule mzee hakutukabidhi visu mkononi. Aliviweka juu ya gunia akarudi nyuma. "Kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono, wanangu," alisema. "Mtakuja kugombana. Kinawekwa, mwenzako anakiokota." Mama yangu alikuwa na sharti hilo hilo jikoni kwake, ndiyo maana nilimpenda mzee yule papo hapo. Tukainama, kila mtu akaokota chake. Na kugombana tumegombana vilevile.

Kisu changu kilikata vitunguu jioni ile ile. Chake kilifungwa kwenye kitambaa, kikafunguliwa siku kabati lilipoingia ndani, na hapo ndipo kilipoanza maisha yake ya kutazamwa. Changu kimekata kila kitu: nyama ya misibani, maboga, kamba za viroba, mlenda wa kuanika, na mara moja, Mungu anisamehe, kilifungua kopo la rangi. Kila nilipokinoa kiliacha kidogo cha mwili wake pale kwenye kinoo. Ncha ilikatika kwenye mfupa wa goti la ng'ombe. Miaka ilivyokwenda kikawa chembamba, kikawa kifupi, mpaka upana wake ukawa sawa na kidole changu cha mwisho. Makali lakini yalibaki pale pale.

"Unaona?" mume wangu alikuwa akiniambia. "Kitunze kikutunze. Wangu bado kijana, wako ameshazeeka." Alikuwa akiviita kama watu.

"Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama," nilimjibu. "Wewe kula kioo."

Siku moja nilimuuliza bila utani, kwa nini hasa. Alikuwa anapaka mafuta, hakuinua kichwa. Akasema baba yake alikuwa na kisu. Alichunia ng'ombe, alikatia kamba, aliwanyolea watoto vichwa kwa kisu hicho hicho. Kikaisha. "Siku tuliyomzika nilitafuta kitu ambacho mkono wake ulikuwa umekishika," alisema. "Sikupata hata mpini." Nilimletea chai. Siku ya pili niliendelea na utani wangu kama kawaida, maana nilijua angechukia zaidi kuonewa huruma. Lakini tangu hapo nilielewa kwamba kile kisu hakikuwa pambo kwake.

Halafu yule mfua chuma akaacha kazi. Bega la kulia lilikataa nyundo, akazima moto wake, akahamia Ihumwa kwa binti yake, karibu na reli. Tulikuwa tumeshazoeana naye kama ndugu. Siku moja mume wangu alikwenda kumtembelea, akarudi mpole, akasimama mbele ya kabati. "Hiki sasa hakina mdogo wake tena," akaniambia. Nikajua basi, hakitatoka humo mpaka Kiyama.

Binti yetu akachumbiwa. Sendofu, sherehe ya kumuaga, ikapangwa, na wajomba wa kijijini wakaahidi ng'ombe dume. Kwetu Dodoma ng'ombe wa sherehe huchinjwa na Mwislamu hata kama wenye shughuli ni Wakristo, ili wageni wote wale sufuria moja bila mtu kumwuliza mwenzake. Safari hii hatukuhangaika kutafuta mchinjaji. Tulimwomba mzee wetu wa Ihumwa, naye akafurahi, akasema bega linakataa nyundo, kisu halijakikataa.

Alfajiri ya siku ile ua wetu ulikuwa umejaa. Ng'ombe amefungwa kwenye mwarobaini, akina mama wa mtaa wameshainjika maji, upepo wa Dodoma unatupulizia vumbi na moshi kwa zamu. Mzee akashuka kwenye bajaji, kanzu safi, fimbo mkononi. Nikamwamkia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Mmeamkaje?"

"Salama. Mzigo wako uko wapi, nikupokee?"

"Mzigo gani?"

"Kisu, mzee."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama amekuja na kiti chake. "Nibebe kisu kuja kwenye nyumba yenye visu vyangu viwili?"

Nilimgeukia mume wangu. Sijawahi kumwona mtu anavaa viatu haraka vile. Alitoka mbio mpaka dukani, akarudi na visu viwili vipya, bado vimo ndani ya plastiki. Mzee akavichukua nyuma ya nyumba, maana mnyama hapaswi kuona kisu kinanolewa, akapitisha makali juu ya ukucha wa dole gumba. Cha kwanza akakiweka chini. Cha pili akakiweka chini. "Hivi ni vya keki," alisema kwa upole. "Kwa mnyama huyu ni mateso, na mimi dhambi hiyo sibebi. Nileteeni changu."

Hapo nilifurahi, sitaficha. Nilimkaribisha mzee sebuleni kwa chai, nikamketisha mbele kabisa ya kabati, nikasimama pembeni na birika langu nikingoja mume wangu asemwe. Miaka yote hiyo nilikuwa sina hakimu, sasa hakimu amekuja mwenyewe na kanzu.

Mzee alikiona. Akaweka kikombe chini, akainuka, akaenda mpaka karibu na kioo, akakitazama. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo mfukoni.

"Visu vyangu vyote vimekwisha huko duniani," mzee akasema mwishowe. "Nafua, watu wanatumia, vinakwisha. Sijawahi kukiona changu chenye umri huu na sura hii." Akamgeukia mume wangu. "Umenitunzia, mwanangu. Kiache hapo hapo. Tutaazima kwa mtu."

Nilitamani kurusha birika. Ng'ombe yuko nje, sufuria zinachemka maji matupu, mume wangu anajifuta macho na mkono wa shati, na hakimu wangu amehamia upande wa pili. Nikaenda jikoni kwa hasira. Nikachukua kisu changu, nikakifuta kwa pindo la kanga, nikarudi nikakiweka mezani mbele ya mzee.

"Na mwenzake ni huyu," nikasema. "Mkione na hiki."

Mzee alikitazama kwanza bila kukitambua. Kisha akakiokota, akakigeuza, na ghafla akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu ndiye pacha?" akauliza. "Umemla mpaka mbavu, binti yangu." Akapitisha ukucha kwenye makali, akatikisa kichwa. Akaushika mpini, akaona pale dole gumba langu lilipochimba kishimo kwa miaka, akaliingiza la kwake mle ndani, halikuenea. "Mimi sikuweka shimo hili," alisema. "Hili ni lako." Akaanza kuniuliza ncha ilikatikia wapi, nikamwambia goti la ng'ombe, na huu mkwaruzo, nikamwambia kopo la rangi, akacheka tena, akaniomba nimwambie na mengine. Mle kabatini alikuwa amekitazama kisu kwa adabu, kama mgeni. Hiki alikuwa anaongea nacho.

Mume wangu alisogea kutoka mlangoni. Alikichukua kisu kutoka mezani baada ya mzee kukiweka, akaingiza dole gumba lake kwenye kishimo changu. Alikuwa ameishi na kisu kile nyumba moja miaka yote, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alikishika. Alikaa nacho kidogo. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Kwa hiki mzee hutaweza ng'ombe," alisema. "Ni chembamba mno."

Alifungua kabati, akakitoa kile kingine. Akakiweka juu ya kitambaa cha meza, akarudi hatua nyuma. Mzee alimtazama kwanza usoni kuhakikisha, halafu akakiokota.

Kilipita mara moja tu. Mzee alielekea kibla, akataja jina la Mungu, na ng'ombe hakupata nafasi ya kujua. Mzee akakiosha, akakiweka juu ya jiwe, mume wangu akakiokota kabla mwingine hajainama. Kuanzia hapo hakuna mwingine aliyekigusa. Alichuna yeye. Alikata fungu la wajomba na fungu la wazee yeye. Nilipomwomba kwa ajili ya maini aliniambia nisubiri zamu, na damu ilikuwa imempanda mpaka viwikoni, anacheka na kila apitaye. "Hebu tazama," alikuwa akiwaambia watu, "tazama kinavyokwenda." Alikuja kuniita mimi pia nitazame, mimi ambaye nimekata na pacha wake tangu nikiwa mwali. Nilitazama. Nilimpenda siku ile kama ndiyo kwanza tunatoka mnadani.

Jioni watu wote walikuwa wamevunja kabati kwa mavazi, vitenge na suti kila mahali, yeye peke yake alichelewa ukumbini kwa sababu alikuwa bado anatafuta doa kwenye shati. Wageni walikula sufuria moja. Mzee wetu alikaa meza ya mbele, kila aliyesifu nyama alimwambia sifa ni za kisu. Binti alicheza, nililia, tukarudi nyumbani miguu inawaka.

Asubuhi yake niliamka kutengeneza supu. Nikapapasa mahali kisu changu hukaa, pembeni ya kinoo, sikukikuta. Nikaenda sebuleni kwa shari, nikijua nani wa kumwuliza. Kabati lilikuwa limefungwa. Katikati, juu ya kitambaa cheupe, pale palipokuwa pa kisu chake, yule kijana, kilikuwa kimelazwa kisu changu: chembamba, kifupi, bila ncha, kimepakwa mafuta ya alizeti mpaka kinang'aa. Kishimo cha dole gumba kilikuwa kimegeuzwa juu, upande wa watu.

Mume wangu alikuwa nyuma yangu na vesti yake. "Cha baba kiliisha kwa sababu hakuna aliyejua wakati wa kukiweka," alisema. "Hicho chako bado kipo. Wajukuu waone mkono wako."

Alinipita, akaingia jikoni, nikamfuata. Alikuwa nacho kile kingine, kimefungwa kwenye kitambaa chake cha zamani. Akakifungua, akakiweka mezani karibu na vitunguu, akarudi nyuma, mikono mgongoni, akasubiri.

Nikakiokota.