Maji yenye iliniangusha mu kanisa

Mimi ni mama muzee, nimezika bwana, nimekomalisha watoto, na huku Kalembe hakuna muntu alishawahi kunicheka mbele ya macho yangu, isipokuwa ile siku ya mavuno, na juu watu wanaielezaka vibaya (wamoja wanasema nilikunywa, wengine wanasema ilikuwa pepo), heri niieleze mimi mwenyewe, aibu ni yangu na nitaibeba.

Niko na ugonjwa ya sukari. Vidonge vilinisaidia, kisha vikashindwa, na Mama Riziki, infirmière mwenye anatuuguza ku centre yetu ya afya, akasema sasa ni insuline, nikajifunza kujipiga shindano, ile sindano ya dawa, ku tumbo, upande wa kushoto, chini ya kitovu. Mwanzo iliuma kama siafu, lakini ile fasi, pale mahali pa kutoboa, ikazoea, ikakuwa haisikie tena kitu, ni kama kutoboa mukeka. Basi nikajiambia, nitafuta maumivu ingine ya nini wakati niko na fasi yenye imezoea? Njo hapo, wandugu, njo hapo mambo yote ilianzia. Mama Riziki, mwenye ananiitaka Koko kama nyanya yake, alikuwa ananiulizaka, "Koko, unabadilisha fasi?" na mimi ninamujibu "Ndiyo", vile tunajibuka Pasta akiuliza kama tuliomba asubui.

Kisha dawa ikakuwa kama haifanye kazi. Kiu haiishe, kwenda kukojoa haiishe, kidonda ya jembe ku muguu yangu inakataa kufunga, na mulima yenye iko na maharagi yangu ninaiangalia tu toka ku mulango. Mama Riziki akaongeza dozi. Bure. Akaongeza tena, bure. Akaniuliza kama chupa inalala fasi ya baridi, nikakasirika, juu chupa yangu iko mu nyungu yenye muchanga ya kulowana, mu kona yenye jua haijuake.

Na nani anamwangaka maji ku ile muchanga? Zawadi, mukamwana wangu, bibi ya mutoto wangu wa mwisho. Njo mawazo ikaniingia: huyu aliangusha dawa, akaogopa, akajaza maji mu chupa. Nikamuuliza. Akasema hapana. Nikamuuliza tena, na sauti yenye hata majirani walijibu. Akaanza kukunja vikwembe, nguo zake, mu saki ya kusafiria.

"Mama," akasema, "ukiniita muvivu nitavumilia. Mwizi, hapana. Kesho kisha kanisa narudi kwetu Ngungu."

Mutoto wangu akatoka inje, vile anafanyaka mwanaume mwenye kusimama kati ya mama na bibi.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno. Tulikuwa mu kiwanja ya kanisa na miwa, ndizi, maharagi na asali ya kutoa sadaka, na mwenzangu wa kuimba mu chorale, Mama Faida (mudomo yake haina mulango), akaniuliza mbele ya wamama wote, "Ati mukamwana anakukimbia? Umemufanya nini?"

Ningenyamaza. Sikunyamaza.

"Mumuulize yeye maji ya mu chupa yangu!" Nikatoa chupa na seringue ya shindano mu kitunga. "Muangalie. Nitajipiga dozi yote ya asubui hapa, na hakuna kitu itanifikia, juu ni maji!"

Lakini sasa tumbo naionyeshaje? Kufungua kikwembe inje ya kanisa, mimi, mama wa heshima? Hata kidogo. Nikapandisha mukono ya blouse, nikajipiga mu mukono, huu mukono wa jembe. Ikauma sana (hiyo peke yake ingenipatia akili). Zawadi alisimama pale na saki yake.

Tukaingia. Na nikasahau jambo moja: ku nyumba, nikimaliza kujipiga shindano, mara moja ninakulaka. Mu kanisa, kisha shindano ni wimbo, matangazo, wimbo tena, na Pasta mugeni mwenye alitoka Pinga na moto, mwenye hakutoka mbali vile ili ahubiri kidogo. Alihubiri juu ya Esau, vile tumbo ilimunyanganya akili mpaka akauza uzaliwa wake wa kwanza kwa sahani ya dengu.

Mikono yangu ikaanza kutetemeka. Jasho ikanishuka mu mugongo, moyo ikapiga kama ngoma, na njaa ikanikamata, njaa ya imbwa. Ku kameza ya Pasta kulikuwa chupa ya sucré, soda ya sukari, wamama walimuwekea ili koo yake isikauke. Miguu yangu ikasimama ikaenda, mimi nikaifuata. Nikakamata ile sucré, nikaikunywa yote pale mbele, Pasta akibakia na kidole yake mu hewa, na wanasema nilimuambia, "Endelea, Pasta, Esau hajamaliza kula."

Kisha nikaikala juu ya saki ya maharagi ya Mungu, nikaanza kumenya ndizi za sadaka.

Kanisa yote ikachangamuka. Mushemasi mumoja akakuja kuniwekea mikono juu ya kichwa ili pepo itoke. Mama Faida anasema, "Si pepo, ni kasiksi hiyo, pombe ya ndizi!" Njo Zawadi akapita kati ya watu wote, akasukuma mikono ya mushemasi.

"Muache! Sukari yake imeshuka! Kula, Mama, kula." Akachukua asali ya sadaka akaniweka mu kinywa na kidole yake mwenyewe, kichwa yangu mu mapaja yake, huyu mwenye nilimuita mwizi.

Akili ikarudi polepole. Mama Riziki, mwenye alikuja kuabudu pia, alikuwa amepiga magoti pembeni yangu. "Koko, leo ulijipiga fasi gani?"

"Ku mukono."

"Na siku zingine?"

Nikaweka mukono ku tumbo, upande wa kushoto. Mama Faida akaingilia: "Eee, maji gani hii yenye inaangusha muntu? Munipatie chupa moja, niko na bwana nyumbani!"

Walicheka mpaka Pasta akacheka. Na mimi nikasimama, nikashikilia bega ya Zawadi, nikasema: "Mumecheka, sasa musikilize. Mu chupa hamuna maji. Maji ilikuwa mu kichwa yangu. Zawadi si mwizi, na mwenye atasema tena ile neno tutaonana na yeye." Wamama wakapiga vigelegele, sijue kwa yeye ao kwa mimi, lakini nilivipokea vyote.

Ku centre, nyuma ya rido, ile pazia, nikafungua kikwembe mwishowe. Pale fasi yenye imezoea palikuwa kivimbo kama beignet, andazi ya jana. Mama Riziki akaigusa, akasema dawa inalalaka mule, haisafiri mu mwili.

"Koko, maharagi unapandaka fasi moja kila musimu?"

"Mimi si mupumbavu! Udongo inachoka. Unahama, unaiacha ipumuzike."

Akaangalia tumbo yangu. Na mimi nikaiangalia. 

Akapunguza dozi yeye mwenyewe, juu alisema fasi mupya inakula dawa yote, na ile dozi kubwa ingeniangusha tena, na akanikataza kuipimapima na akili yangu. Sawa. Sasa nahama: paja, upande wa kuume, mbali kidogo na fasi ya jana. Sukari ikashuka. Kidonda ikafunga. Nilipanda mulima nikapalilia maharagi yangu na mikono yangu, na Mama Faida nyuma yangu akihema, akiniomba nimungojee. Sikumungojea.

Vikwembe vya Zawadi vilitoka mu saki siku ile ile. Kila asubui ananiuliza, "Mama, leo tunalima wapi?" Ninamujibu, "Paja ya kushoto." Ile kivimbo nimeilaza kama shamba yenye kupumuzika, na inapunguka.

Nimeapa: sitapanda tena fasi moja, na sitaita tena muntu mwizi bila kuangalia kwanza tumbo yangu. Pasta wa Pinga alirudi mavuno yenye ilifuata, nikamupelekea sucré yangu mwenyewe, na mikono miwili. Alinishukuru sana. Lakini mu mahubiri yote ile chupa aliishikilia ku kifua.