Timiro na Simu Isiyosema Mtu Yuko Wapi

Saa tisa alasiri mabati ya Garissa yanatema moto. Timiro Warsame anasogeza kiti mbele ya redio, anatupa ncha ya shela begani na kubonyeza maikrofoni.

"Modogashe, Modogashe, hapa Garissa. Ma nabad baa? Ova."

Sanduku linakoroma kwanza, linapiga mluzi, kisha linatoa sauti ya Jama, mwenzake wa Modogashe. Amani ipo. Mvua haipo. Malori mawili yamepita kuelekea Wajir tangu asubuhi. La tatu limepata pancha nje kidogo ya mji, lakini dereva ni mzima na anakunywa chai.

Ndivyo kazi yake inavyoanza kila siku. Kabla mteja hajafungua mdomo, vituo huulizana habari za barabara: gari gani limepita, lina nani, limeelekea wapi. Huku Kaskazini Mashariki majambazi wenye bunduki husimamisha magari watakapo, kwa hiyo gari ambalo hakuna anayejua liko wapi ni gari la kuombewa dua.

Wenyeji huiita taar. Ni redio ya masafa marefu, inakula betri ya gari, na waya wake umetandazwa juu ya paa kutoka mlingoti hadi mlingoti. Kwenye benchi wateja wanangoja zamu. Mzee Warfa anataka kuongea na binti yake aliye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kuhusu ngamia anayechechemea. Siri hapa hakuna. Kila mwenye redio kutoka Mandera hadi Garissa anasikia, na wengine hawaoni haya kuchangia.

"Huyu mama mzuri sana, andika," Mzee Warfa anamwambia mwandishi wa makala haya. "Mimi naleta maneno, yeye nabeleka mbaka kule. Lakini usimuulize maneno ya bwana yake. Hiyo iko moto."

Benchi zima linacheka. Timiro hacheki.

Ana umri wa miaka thelathini na minane na watoto wanne. Kazi aliachiwa na mjomba wake mwaka 1992, wakati waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka walipokuwa wakitafutana na wateja wakipanga foleni hadi barabarani. Siku nzuri humwachia kama shilingi mia nne baada ya kuchaji betri. Hizo ndizo zilizowaweka watoto shuleni.

Mumewe, Nuh, ni dereva. Huendesha lori la Barre, mfanyabiashara wa mbuzi anayejulikana mjini, lori jekundu lenye jina Tawakal kifuani. Huenda na unga na sukari mpaka Takaba na Banissa, hurudi na mbuzi. Akiondoka Garissa, nyumbani huonekana tena baada ya wiki mbili, mara nyingine tatu.

Zamani hilo halikumsumbua mkewe hata kidogo. Kila mji aliofika, Nuh alipitia kwenye taar kumsalimu. Hata asipopita, vituo vilimwambia Timiro Tawakal limefika saa ngapi na dereva amekula nini.

"Mimi nilijua yeye yuko wapi kabla yeye mwenyewe hajajua," anasema. "Nikisikia honi nyingi nyuma yake, hiyo Modogashe. Nikisikia punda wa maji wanalia, hiyo Wajir. Wanawake wengine walikuwa wananiuliza, abaayo, dada, wewe huna wivu, bwana dereva? Nawaambia wivu ya nini? Mimi nina taar."

Kisha ikaja simu.

Mafuriko ya El Nino mwishoni mwa mwaka 1997 yalipokata barabara, Barre alikwama na mbuzi wake nyikani bila kujua bei ya mjini, wakafa wengi. Maji yalipokauka akaagiza kutoka Dubai simu ya setilaiti. Ni kitu cha ukubwa wa mkoba wa karani. Unakitoa nje, unafunua kifuniko, unakielekeza angani kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani, kisha unaongea na dunia yote. Barre akamkabidhi Nuh aende nayo safari, awe anauliza bei popote alipo.

Dukani kwa Timiro kuna simu ya mezani. Siku ya kwanza Nuh alipompigia kutoka porini, hakuna mji, hakuna mlingoti, mwanamke huyu alilia kwa furaha mbele ya wateja.

"Sauti ilikuwa safi, wallahi. Kama yuko chumba ya nyuma anatafuta viatu," anasema. "Baadaye ndiyo nikaona hiyo usafi ndiyo ubaya."

Ubaya wenyewe ni huu. Taar haiwezi kudanganya mahali. Ukiongea kutoka kituo cha Banissa, uko Banissa, na Salah mwenye kituo hicho amekaa hapo anakutazama mdomo. Simu ya Barre haina mwenye kituo wala jirani. Mtu anakuambia yuko wapi, na wewe huna la kufanya ila kuamini.

Nuh akaacha kupitia kwenye taar. Kwa nini apange foleni, naye ana simu yake? Alikuwa akiifunga kwa shali isipate vumbi, na nyumbani akilala aliiweka upande wa mto wake.

"Watoto nilikuwa nawafukuza kitandani, simu nayo inalala," Timiro anasema kwa uchungu ambao bado haujapoa. "Ile ilikuwa mke mwenzangu kabla sijajua nina mke mwenzangu."

Akaanza kuuliza maswali. Uko wapi? Niko Wajir. Wajir gani, nisikie punda. Punda wamelala. Saa sita mchana, punda wa Wajir wamelala? Hapo simu ilikatika, na Nuh alipopiga tena alisema ni mawingu.

Kila safari ilivyorefuka ndivyo wivu ulivyomtafuna. Alimwonea wivu hata Barre, aliyepigiwa mara nyingi kuliko yeye. Vituo navyo viliacha kumtaja Nuh bila kuulizwa, na kuviuliza Timiro alikataa. Mwendesha taar hubeba mambo ya nyumba za watu, na hapendi ya kwake yabebwe. Alichotaka kilikuwa kidogo: mumewe aseme kweli yuko wapi, na aseme bila kuchimbwa.

Mwezi wa Machi mwaka huu Nuh akapiga asubuhi. Yuko njiani kurudi, akasema, ila springi ya lori imevunjika Modogashe. Atakaa hapo siku mbili tatu mpaka apate nyingine.

Timiro akasahau wivu wote. Alikwenda mwenyewe kwa wauza vipuri, akabishana bei, akabeba chuma kile begani kupita sokoni watu wakimshangaa, akakipakia kwenye basi la kesho yake. Alasiri, zamu ya habari za barabara ilipofika, akamwita Jama kwa upole wote alionao.

"Jama, walaal, ndugu yangu, kesho kuna springi inakuja na basi. Mpe Nuh. Na leo mpelekee chakula, nitakulipa. Ova."

"Nuh yupi? Ova."

"Nuh wangu. Wa Tawakal. Ova."

Sanduku likakoroma. Jama akasema Tawakal halijafika Modogashe. Hajaliona tangu lilipopita likienda juu, nalo lilipita zamani.

Wanaume wa Nairobi, ambako wakubwa sasa wanatembea na simu kiunoni, huenda wameshajifunza kudanganya mahali na kulala usingizi. Nuh alisahau jambo moja ambalo dereva yeyote wa huku hapaswi kulisahau. Lori linalosemekana lipo mahali, na mahali penyewe halipo, halihesabiwi kuwa limechelewa. Linahesabiwa kuwa limetekwa.

Vituo vyote vikaamka. Habaswein wakasema halijaonekana. Wajir wakasema halijaonekana. Mmoja akauliza kama polisi wa doria wamearifiwa, mwingine akataja mahali ambapo gari lilichomwa mwaka uliotangulia. Mzee Warfa, aliyekuwa kwenye benchi siku hiyo pia, akaanza kusoma Yasin kwa sauti ya chini.

"Nilishika hii meza," Timiro anasimulia. "Nikasema, Ya Rabbi, awe hai tu. Hata kama ameniudhi, hata kama yuko wapi, awe hai tu. Niliomba hivyo, Mungu shahidi."

Ndipo Salah wa Banissa, aliyekuwa kimya muda wote, akaingia hewani. Kwa wenye taar ni mwiko kutangaza ya chumbani mwa mtu, lakini polisi walikuwa karibu kutumwa nyikani bure. Akakohoa.

"Garissa, hapa Banissa. Acheni kulia. Lori ni salama. Liko hapa. Ova."

"Hapo wapi? Ova."

"Hapa Banissa. Nje ya nyumba. Lina wiki. Ova."

Timiro anasema furaha ya kusikia mumewe yu hai ilidumu kiasi cha pumzi moja. Iliyofuata alitamani angekuwa ametekwa kweli, walau kidogo.

Hapo alifanya jambo ambalo hakuna mwendesha taar wa huku anayekumbuka kulifanya. Alimwambia Salah amwite mumewe aje kwenye maikrofoni, na hewa ikabaki wazi. Vituo vingine vingeweza kuzima redio kwa heshima. Hakikuzima hata kimoja.

Nuh akaja akihema.

"Nuh, uko wapi? Ova."

"Niko Banissa. Ova."

"Modogashe imehamia Banissa lini? Ova."

Mtu akacheka mahali fulani, na mpaka leo haijulikani ni kituo gani. Dukani Mzee Warfa akasema astaghfirullah, akavuta benchi karibu na redio.

"Uko nyumba ya nani? Ova."

"Ya mke wangu," Nuh akasema. "Naimo. Nilimuoa mwaka jana. Amejifungua mtoto, nilikaa kwa ajili ya sherehe ya jina. Timiro, nilitaka kukuambia. Ova."

Timiro hakujibu ova. Alizima redio, akawaambia wateja warudi kesho, akafunga mlango na kulia kwa sauti mpaka majirani wakagonga.

Kwetu mke wa pili si ajabu, na yeye ndiye wa kwanza kulisema hilo. "Dini imempa ruhusa. Haikumpa ruhusa ya springi," anasema. "Angekuja kuniambia, ningelia, ningemtukana, ningenyamaza. Lakini mimi nabeba chuma kwa bega langu, na yeye amekaa kwa mwanamke anakula nyama! Hiyo ndiyo inanichoma. Sisi tunaita masayr. Ni wivu ya mke kwa mke, haina dawa ya duka."

Desturi ina dawa yake. Mwanamume akioa wa pili humpa wa kwanza zawadi ya kumpoza moyo. Nuh alirudi Garissa na wazee wawili, ngamia jike mwenye ndama, na kipande cha dhahabu kwenye kitambaa. Wazee waliongea mpaka koo zikakauka.

Timiro alipokea ngamia. Dhahabu pia aliipokea, yeye si mjinga. Kisha akaweka sharti lake mbele ya wazee: kila mji atakaofika, Nuh ataanzia kwenye taar. Aseme kwa mdomo wake yuko wapi, hewa ikiwa wazi, na akiwa Banissa aseme Banissa. Simu ya Barre itabaki kwa bei za mbuzi.

Wazee walicheka, wakaona halimwagi damu, wakakubali.

Nuh, mwanamume mrefu mwenye ndevu zenye hina, hakatai kusimulia upande wake. "Madereva wenzangu sasa jina langu wamesahau, wananiita Ova," anasema. "Nimekutana na majambazi mara tatu, sikuogopa. Kumwambia huyu mama, niliogopa. Basi nikaona simu itanisaidia. Ikanisaidia mwaka mmoja."

Ametimiza sharti tangu hapo. Lakini anayedhani moyo wa Timiro umetulia hajakaa naye alasiri. Banissa ikiingia hewani, anaongeza sauti ya redio.

Miezi michache iliyopita Naimo mwenyewe alifika kituoni kwa Salah. Nuh alikuwa njiani, mtoto alikuwa na homa kali, na dawa aliyoandikiwa haikuwepo Banissa. Aliyeitikia Garissa alikuwa Timiro, maana hakuna mwingine. Wanawake hao wawili walisemezana kwa mara ya kwanza, jina la dawa, uzito wa mtoto, ova, ova.

"Dawa nilituma siku ile ile. Mtoto hana kosa," Timiro anasema, akifuta vumbi kwenye redio kwa ncha ya shela. "Salamu sikutuma."

Mtoto alipona. Kazi nayo inapungua. Matajiri wengine wawili wameleta simu kama ya Barre, na watu wameanza kupenda kuongea faraghani, hata wasio na siri. Timiro anajua taar haina miaka mingi. Amekuwa akiweka akiba, na ndama wa yule ngamia akikua atamuuza, ili anunue simu ya setilaiti yake mwenyewe.

Mwandishi anamuuliza kama ataiweka hapa dukani kwa ajili ya wateja.

"Wateja baadaye," anasema, na kwa mara ya kwanza alasiri hii anatabasamu. "Kwanza nitapanda lori mpaka Banissa. Nitasimama na simu nje ya mlango ya Naimo, nimpigie bwana yangu, nimwambie niko Garissa napika chai. Halafu nimuulize yeye yuko wapi."