Matofali Yaliyoumuka Wakati wa Sala

Jumamosi, Julai. Ukungu tangu alfajiri, Mlima Meru hauonekani, baridi ya kung'ata masikio.

Naona aibu kuandika haya, ila nisipoandika, mwenzangu Naisula atayasimulia yeye na kuongeza chumvi. Kikundi chetu hapa kata ya Sokon I tunafyatua matofali ya kutandika uwanjani. Saruji kidogo, majivu ya tanuru la kuchomea taka mengi (kutengeneza saruji kunachafua sana hewa, tulifundishwa kwenye semina, nilielewa kiasi). Leo kamati ya ujenzi ya usharika ilikuja kutukagua, wakiridhika tunapewa uwanja mzima wa kanisa, na kazi kubwa hivyo hatujawahi kuigusa.

Sasa majivu lazima yakae nje wiki kadhaa yakimwagiwa maji, maana yana vipande vya makopo ya soda, vikikutana na saruji vinatoa gesi. Nalijua hilo, na Naisula alinikumbusha jana, siwezi kumsingizia. Ila yaliyokaa yalikuwa na mabonge, na mapya laini kama sembe, nikasema kwa wageni haya ndiyo yatapendeza.

Nikajaza kalibu mbele yao, nikalainisha juu kwa mwiko, wakasifu. Tukanywa chai. Kisha mwenyekiti wa kamati, Mzee Elirehema, akasema tufunge kwa sala, tukasimama kuzunguka kalibu, na mzee akisali hana haraka.

Nikafumbua jicho moja (najua, najua). Matofali yalikuwa yanaumuka! Yamepita ukingo, yanatoa mapovu, yanapumua kabisa. Nikayafunika na ubao taratibu, ubao ukainuka, nikaona dawa ni moja tu, nikaukalia.

"Amina."

Wote wamesimama, mimi nimekaa.

"Mama Gladi, umeishiwa nguvu?" mzee akaniuliza.

"Hapana baba, napumzika kidogo."

"Na huo uji unaokutoka chini?"

Naisula akacheka mpaka akashika ukuta, mama mhazini wa kamati naye, mwishowe hata mzee akavua miwani afute machozi. Nikaungama yote palepale, kitenge kimenigandia.

"Kazi sikupi leo," mzee akasema. "Mwezi ujao utatufyatulia tena, kwa majivu yaliyokaa. Na wakati wa sala, Naisula akushike mkono."

Sijui kama nastahili, ila nimeapa sitachagua tena majivu kwa sura. Naisula alibaki kwetu akanisaidia kufua, tukala makande na parachichi, akanicheka mpaka sahani zikabaki tupu.