Aliyesoma kwa Niaba ya Kijiji

Hebu niambieni, kosa la Teuntje lilikuwa nini? Miaka kumi na tisa, kila Jumatano, mjane huyu alikaa kwenye maktaba ya shule ya kanisa, hapa kijijini kwetu mkoani Zeeland, akisoma hadithi za watoto kabla watoto wenyewe hawajazigusa. Kazi hiyo alipewa na wazee wa kanisa. Tusi alilifuta kwa wino mweusi. Kitabu chenye mchawi au fimbo ya miujiza alikitia sandukuni, hakitoki tena.

Jumatano iliyopita mzee wa kanisa Huibert aliingia, kofia mkononi, na kahawa akaikataa. Huibert kukataa kahawa! Teuntje akajua kuna jambo.

"Bibi Teuntje, tunakushukuru sana. Ila kuna mama mmoja ana wasiwasi. Hizo hadithi za uchawi zote umezisoma wewe. Hapa kijijini hakuna aliyesoma nyingi kama wewe."

"Ebo! Si nyinyi mlionituma?"

"Tulikutuma, ndiyo. Lakini mambo haya humwingia mtu polepole."

"Yameniingia wapi, Huibert? Nionyeshe! Wewe hujasoma hata kitabu kimoja, unajuaje kilichomo?"

"Unaona unavyonifokea?"

"Nakufokea, na bado! Mama gani huyo?"

Huibert akaifinyafinya kofia yake. "Neeltje."

Neeltje ni binti wa kumzaa wa Teuntje mwenyewe. Teuntje hata koti hakuchukua. Alipanda baiskeli, upepo unampiga usoni, mpaka nyumbani kwa binti yake.

"Neeltje! Toka uniambie mwenyewe!"

Neeltje akafungua mlango nusu. "Mama, usikasirike. Ni kwa ajili ya watoto tu."

Nyuma yake akachungulia Pieternel, mjukuu wa miaka sita, ambaye kila Jumamosi hushinda kwa bibi yake. Teuntje akanyoosha mkono amshike shavu. Mtoto akarudi nyuma, akajibanza kwenye sketi ya mama yake.

"Bibi, eti ni kweli unajua kuroga?"

Jamani! Mimi ninayesimulia tu damu inanichemka, sembuse yeye aliyeulizwa.

"Nimesoma mamia ya vitabu hivyo," Teuntje akamwambia bintiye, "na sijaona hata kimoja kinachomfundisha mtoto kumwogopa bibi yake. Hilo umemfundisha wewe."

Neeltje akamvuta mtoto ndani, akafunga mlango.