Tuliogopa Ndege, Maji Tukayanywa

Siku hiyo nilikuwa nageuza dagaa mchangani, hapa Nkome, huku nikibishana na mume wangu, Baba Kulwa, juu ya choo. Alikuwa ameahidi kukichimba tangu masika ya mwaka jana. Akasema mgongo unamuuma.

Vita vilikuwa vimewaka mpakani, na jioni tukasikia redioni kuwa ndege ya adui imedondosha mabomu Mwanza, ng'ambo tu ya maji. Kulipokucha, Baba Kulwa, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, alishika sururu. Mgongo ulikuwa umepona. Alichimba handaki lililomfika mabegani, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kila mtu amechimba lake.

Siku hizo hizo bwana afya alikuja kwa baiskeli. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kisiwa cha jirani. Chemsheni maji, alisema, chimbeni vyoo. Wanaume walimsikiliza huku wakitazama angani.

"Baba Kulwa, nikatie kuni za kuchemshia maji," nilimwambia.

"Mama Kulwa, watu wanapigwa mabomu, wewe unawaza maji? Ziwa hili tunalinywa tangu tuzaliwe."

Nilichemsha ya watoto kwa kuni nilizookota mwenyewe. Yeye aliendelea kunywa ya ziwani.

Asubuhi moja tukasikia mngurumo.

Tukakimbilia handakini.

Mama mkwe alianguka. Tukamburuta.

Ndege ikapita. Ilikuwa yetu.

Baba Kulwa alitoka akijipangusa udongo, akachota maji, akanywa. "Umeona faida ya handaki?"

Siku chache baadaye alianza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani na miguu inakakamaa. Tulimbeba kwenye machela kwenda zahanati.

Njiani aliniuliza kama ndege zimerudi.

Nikamwambia hazijarudi.

Hatukufika naye akiwa hai.

Waliochimba kaburi walifanya haraka, kisha wakateremka ziwani kunywa. Nilimfuata mdogo wake, nikamsihi awazuie. Akanijibu kwa upole, "Shemeji, una majonzi. Kapumzike." Kabla ya mwezi kuisha tulizika wengine, mama mkwe akiwemo.

Bomu halikuanguka Nkome hata moja.

Vita viliisha, vijana wetu wakarudi wakapokelewa kwa ngoma. Mpaka leo nikisema mume wangu alikufa wakati wa vita, watu huinamisha vichwa na kuniuliza alikuwa kikosi gani. Nawaambia hakuwa na kikosi, aliharisha. Hapo hubadilisha mazungumzo.